Mdomo umekufa ganzi, jino bado linauma: kwa nini sindano hukataa

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Nakuandikia kutoka Faza. Gego langu la chini, upande wa kulia, limenitesa karibu mwezi mzima. Usiku linapwita mpaka silali. Nilitia karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikameza vidonge vya dukani, mwisho nikapanda boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kuling'oa. Daktari alinidunga sindano ya ganzi mara tatu. Mdomo na ulimi vikafa ganzi kabisa, lakini kila akiligusa jino naruka kitini. Akasema jino limekataa ganzi, akanipa dawa nirudi baada ya wiki. Mama mkwe asema mimi ni mwoga. Wifi yangu asema dawa ilikuwa mbovu. Jirani asema kuna watu miili yao haishiki ganzi, na dawa yao ni kwenda Mombasa walazwe usingizi. Nani msema kweli? Na sindano tatu si nyingi? Nina mtoto wa miezi mitano, ananyonya.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Nianze na la mama mkwe, kwa heshima yote anayostahili: chanzo hakikuwa uoga. Ulichosikia kilikuwa maumivu ya kweli, yenye sababu zinazojulikana, na mdomo kufa ganzi huku jino likibaki macho ni jambo ambalo sisi madaktari wa meno twalijua vizuri. Hata katika meno ya chini yasiyo na ugonjwa, sindano ya taya huhesabiwa kushindwa kati ya mara 15 na 20 kwa kila 100. Katika gego ambalo kiini chake kimevimba, uchunguzi mwingi umekuta sindano moja ikishindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kiini ni ile nyama laini yenye damu na neva iliyofichwa ndani ya jino, na ndiyo inayokupwitia usiku. Wewe ulikwenda na gego la chini, lililovimba ndani, lililouma mwezi mzima. Kwa kazi ya ganzi hakuna jino gumu kuliko hilo.

Meno ya juu ni rahisi. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vingi, kwa hiyo daktari akidunga ufizi kando ya jino, dawa hupenya mfupa na kufika kwenye mzizi. Mfupa wa taya la chini, hasa huko kwenye magego, ni mnene na mgumu. Dawa ikiwekwa kando ya jino hufika kidogo au haifiki. Ndiyo maana daktari alikwambia upanue kinywa sana, akapeleka sindano nyuma kabisa. Anaitafuta neva kabla haijaingia ndani ya mfupa. Huingilia kwenye tundu lililo upande wa ndani wa taya, na ikishaingia hupita chini ya mizizi ya meno yote ya upande huo. Ukiizuia mlangoni, upande mzima hulala. Kazi hii ilianza mwaka 1884, pale daktari mpasuaji William Halsted wa New York alipoizuia neva ya taya kwa kokeini, na mpaka leo twaifanya kwa njia ileile, ila dawa imebadilika. Lignokeini, dawa ya ganzi ambayo karibu kwa hakika ndiyo uliyodungwa, ilibuniwa Sweden mwaka 1943.

Tundu hilo halionekani. Daktari huligusia kwa kidole gumba kwenye ukingo wa taya, hukisia kimo chake, kisha hupitisha sindano kwenye nyama kiasi cha sentimita mbili hadi mbili na nusu. Watu hawafanani: mwingine tundu lake liko juu, mwingine chini, mwingine taya lake ni pana. Kwa watoto huwa chini zaidi. Dawa ikiachwa milimita chache nje ya mahali pake, mdomo hauwi mzito, na hapo mgonjwa na daktari wote hujua kwamba shabaha imekosewa. Wako ulikufa ganzi kabisa, na ulimi pia. Sikuwepo kwenye kiti kile, lakini kwa maelezo yako sindano ilifika ilikotakiwa kufika. Usimlaumu daktari kwa hilo.

Ila hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo baadhi yetu tunaoshika sindano. Mdomo kufa ganzi ni habari ya mdomo. Neva ile ni kamba nene yenye nyuzi maelfu. Nyuzi zinazokwenda mdomoni zaweza kunyamaza huku zile zinazotoka kwenye jino zikiendelea kupeleka maumivu. Muda nao una mambo yake. Mdomo huanza kuwa mzito baada ya dakika tano hivi, wakati kiini cha gego chaweza kuhitaji dakika 10 mpaka 15. Kwenye kliniki yenye foleni ya watu waliotoka visiwa vyote, dakika hizo kumi huonekana kama starehe. Si starehe. Mimi naamini ganzi nyingi zinazohesabiwa kuwa zimekataa ni ganzi ambazo hazikusubiriwa.

Kuna pia njia za pembeni. Ufizi wa upande wa shavu, kwenye magego ya chini, una neva yake nyingine ambayo sindano ya taya haiigusi. Lazima idungwe peke yake. Kwa baadhi ya watu, neva ndogo inayohudumia misuli ya chini ya ulimi huchepuka kabla ya lile tundu na kutuma tawi mpaka kwenye gego. Wachache wana mfereji wa neva uliogawanyika mara mbili ndani ya mfupa. Mtu wa namna hii waweza kumzuia mlangoni vizuri kabisa, na jino likapeleka habari kwa kupitia dirishani.

Tuje kwenye jino lenyewe, maana huko ndiko kwenye sababu kubwa.

Lignokeini ikiwa mwilini huwa katika sura mbili: moja imebeba chaji ya umeme, nyingine haina. Isiyo na chaji ndiyo pekee inayoweza kupenya utando wa mafuta unaoifunika neva. Ikishaingia, sehemu yake hupata chaji tena na kufanya kazi ya kuzuia maumivu kutoka ndani. Katika nyama yenye afya, kiasi cha robo ya dawa huwa haina chaji, na robo hiyo yatosha. Uvimbe na usaha hufanya nyama kuwa na tindikali, na tindikali huibebesha dawa chaji. Sehemu inayoweza kupenya hushuka mpaka chini ya 5 kwa kila 100. Wewe unayetoka Faza waijua Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakipwa: majahazi yapo, shehena ipo, nahodha hodari yupo, na hakuna kinachopita. Kuongeza majahazi upande huu wa mkondo hakusaidii kitu. Ndivyo inavyokuwa dawa ikimwagwa kwenye nyama iliyovimba, tena mishipa ya damu ya mahali penye uvimbe imetanuka, kwa hiyo dawa huzolewa upesi kabla haijafanya kazi. Hii ndiyo sababu daktari mwenye kujua hadungi katikati ya jipu. Husogea mbali nalo.

Lakini maelezo ya tindikali hayatoshi kwa kisa chako. Sindano ya taya hudungwa mbali na jino, kwenye nyama ambayo kwa kawaida haina uvimbe wala tindikali. Basi kwa nini hushindwa? Kwa sababu neva yenyewe imebadilika.

Wavuvi wa kwenu wamjua bunju, yule samaki mwenye sumu, na wajua kwa nini haliwi. Anayekula nyama yenye sumu yake huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha misuli hulegea, na hata kupumua kwaweza kusimama. Sumu hiyo, tetrodotoksini, huziba vijilango vya sodiamu kwenye neva, na bila vijilango hivyo neva haiwezi kupeleka habari yoyote. Lignokeini nayo huziba vijilango hivyohivyo, ila kwa muda, na kwa dozi tunayoidhibiti. Watafiti wa neva waliitumia sumu ya bunju kuvigawa vijilango katika makundi: vinavyozibwa nayo kwa urahisi na vinavyoistahimili. Vile vinavyostahimili vipo hasa kwenye neva za maumivu. Kiini cha jino kikivimba, huongezeka, na hufunguka kwa kichocheo kidogo mno, hata kwa maji ya vuguvugu. Na hivyo hivyo ndivyo vinavyoikaidi lignokeini kuliko wenzake. Kwa hiyo baada ya mwezi wa maumivu, neva ya gego lako haikuwa ile iliyokuwepo siku ya kwanza. Ilikuwa na vijilango vingi vya aina ngumu, vilivyo tayari kufunguka, na dozi ya kawaida ikavifunga baadhi tu.

Mwili una kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinazotengenezwa penye uvimbe, na hizo ndizo zinazovinoa vijilango hivi. Lishike neno hili, nitalirudia nikifika kwenye maandalizi.

Nalo hili la mwezi mzima linaniuma kulitaja, maana najua sababu zake: nauli, mtoto mchanga, boti inayofuata maji. Wengine huahirisha kwa ajili ya Ramadhani, wakafika kiti cha daktari baada ya Idi wakiwa na taya limefura. Jino lililoanza kuuma kwa baridi na utamu tu, siku mbili tatu, kwa kawaida hushika ganzi bila shida. Lile linalopwita lenyewe usiku bila kuguswa limeshavuka huko.

Wifi yako naye ana sehemu ya ukweli, ingawa sidhani kwamba ndiyo iliyokupata. Kwenye katriji, yaani kile kichupa cha dawa kinachotiwa kwenye sindano ya ganzi, lignokeini huchanganywa na adrenalini kidogo sana, kwa kawaida sehemu moja kwa 80,000 au kwa 100,000. Adrenalini hubana mishipa ya damu ili dawa isizolewe upesi. Ikiwepo, kiini cha jino hulala kiasi cha saa moja. Isipokuwepo, lignokeini ya asilimia 2 peke yake hukilaza kwa dakika 5 mpaka 10 tu, hata kama mdomo utabaki mzito kwa muda mrefu zaidi. Lignokeini yenyewe huvumilia joto, ila adrenalini huharibiwa na joto na mwanga, na ndiyo maana maboksi mengi huandikwa yasihifadhiwe juu ya nyuzi 25 za selsiasi. Pwani yetu mchana hupita hapo karibu mwaka mzima. Shehena iliyokaa juani kwenye gati ya Mokowe, au kwenye stoo isiyo na ubaridi, yaweza kufika ikiwa na lignokeini nzima na adrenalini iliyochoka. Dalili yake ni ganzi inayoshika kisha kutoweka upesi katikati ya kazi. Kwako haikuwa hivyo: mdomo ulikufa ganzi na ukabaki, na jino halikushika tangu mwanzo. Dawa mbovu haichagui mdomo ikaacha jino.

Na huyo jirani? Watu ambao miili yao haishiki ganzi kabisa wapo, ila ni wachache mno. Wanaojulikana zaidi ni wale wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi kwa sababu ya udhaifu wa kuzaliwa nao kwenye nyuzi za mwili. Baadhi yao ganzi huwapita haraka au haiwashiki. Jiulize swali moja tu: uliwahi kudungwa ganzi kabla ya hapa, kwa jino jingine au kwa kushonwa jeraha, nayo ikashika? Ikiwa ndiyo, mwili wako hauna tatizo. Na hata bila jibu hilo, mdomo na ulimi vilivyokufa ganzi siku ile vyatosha kuwa ushahidi.

Yapo mengine ambayo hukuyataja, nami nayasema kwa faida ya wasomaji wengine wa Lamu na Malindi. Mtu anayetafuna miraa au mugukaa ana kichocheo mwilini kinachokwenda njia moja na adrenalini: moyo huenda mbio, presha hupanda, hofu huongezeka. Asitafune siku ya kwenda kwa daktari, na kama ametafuna, aseme. Anayetumia heroini, au anayekunywa methadone kliniki, huwa mwepesi wa kuhisi maumivu kuliko wengine, na dawa za kawaida za maumivu zaweza zisimtoshe. Aseme pia, bila kuona haya, maana daktari hawezi kupanga dozi ya mtu asiyemjua. Na wanaotafuna tambuu yenye popoo kwa miaka mingi hupata ugumu wa nyama za ndani ya mashavu mpaka kinywa hakipanuki. Kinywa kisichopanuka huifanya ile sindano ya nyuma isiwezekane kwa njia ya kawaida. Kwa watu hao ipo njia iliyoelezwa mwaka 1977 na Akinosi, daktari mpasuaji wa kinywa wa Nigeria, ambayo hudungwa meno yakiwa yamefungwa. Najivunia kwamba imetoka Afrika, na ningependa kila kliniki ya pwani iwe na mtu anayeiweza.

Hofu nayo nisiikwepe, maana kusema chanzo hakikuwa uoga si kusema hofu haina kazi. Mtu aliyekosa usingizi wiki nne, aliyeacha mtoto nyumbani, aliyeumizwa na mguso wa kwanza, ubongo wake huwa macho kupita kiasi. Mguso mdogo huwa mkubwa. Huo ni mwili kujilinda, na kumwita mtu mwoga huongeza hofu bila kupunguza maumivu hata chembe. Tena lazima uweze kutofautisha mambo mawili: ganzi huondoa maumivu makali, haiondoi hisia ya kusukumwa. Jino linapong'olewa utasikia mgandamizo, utasikia sauti ya mlio ndani ya taya, na hayo ni ya kawaida hata ganzi ikishika barabara. Likikuchoma, hilo si kawaida, nawe una haki ya kumsimamisha daktari.

Sasa cha kufanya. Kwanza, sindano tatu za mahali pamoja kwa njia moja ni kurudia ufunguo uleule kwenye kufuli lileile. Daktari ana njia nyingine, na ukirudi waweza kumuuliza kuhusu hizo kwa adabu tu. Mtu mwenye ujuzi hatachukia. Aweza kukupa sindano ya taya kwa kimo cha juu zaidi, ili aishike neva kabla matawi hayajachepuka. Aweza kuongeza artikeini, dawa nyingine ya ganzi, kwenye ufizi wa upande wa shavu kando ya gego. Dawa hii hupenya mfupa mgumu vizuri kuliko lignokeini, na ikiongezwa juu ya sindano ya taya husaidia sana. Kwa jino la kung'oa, napendelea kuongeza sindano nyembamba inayoingizwa kwenye mwanya kati ya jino na mfupa, ambapo dawa husukumwa kwa nguvu kidogo na kufika kwenye mzizi. Hushika ndani ya sekunde chache, haidumu sana, lakini kwa kung'oa yatosha. Na kama kazi ni kusafisha mizizi, kiini kikishafunguliwa kidogo dawa yaweza kuwekwa moja kwa moja ndani yake. Hiyo huuma kwa kitambo kifupi, kisha hunyamaza kabisa, na mgonjwa lazima aambiwe mapema asishtuke.

Kabla ya kuanza, mwombe alijaribu jino lenyewe: aliguse kwa kitu chenye ubaridi mkali, au aligongegonge taratibu, akilinganisha na jino la pili yake. Kama ubaridi bado wauma, hakuna sababu ya kushika koleo. Kumchoma mtu ufizi na kumuuliza "umekufa ganzi?" hakutoshi.

Usiku wa kabla, lala kadiri mtoto atakavyokuruhusu. Asubuhi kula, maana wengi wanaozirai kitini huwa na njaa. Kisha, saa moja kabla ya sindano, meza ibuprofen miligramu 400 pamoja na chakula, isipokuwa kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za jamii ya aspirini, mzio nazo, au una mimba. Ibuprofen hupunguza zile prostaglandini zinazonoa vijilango, na kwa jino lililovimba ndani imeonyeshwa kuongeza uwezekano wa ganzi kushika. Haifanyi muujiza, lakini yasaidia, na bei yake ni ndogo. Kwa mama anayenyonyesha haina tatizo. Mweleze daktari umemeza nini na saa ngapi.

Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Huunguza nyama na kuacha kidonda cheupe. Maji ya betri ni sumu, hata kama aliyekushauri aliapa kwamba yalimponya. Karafuu ina yujinoli ambayo kweli hutuliza kwa muda mfupi, na maji ya chumvi hayadhuru. Yote mawili hayakiponyi kiini.

Kuhusu dawa ya wiki moja uliyopewa, sijui ilikuwa ipi. Kama ni kapsuli za amoksilini, fahamu kwamba antibayotiki hazipunguzi maumivu ya kiini kilichovimba. Mazoea ya "meza kwanza, ng'oa baadaye" yameshika mizizi pwani nzima, na mimi nayapinga pale ambapo hakuna uvimbe wa uso wala homa, kwa sababu yanampa mgonjwa wiki nyingine ya mateso na jino gumu zaidi kulaza. Ikiwa kuna usaha, dawa ya usaha ni kuutoa. Antibayotiki huja kusaidia pale maambukizi yanapoenea au mtu ana homa. Ukishaanza dozi, fuata maelekezo uliyopewa, lakini usiifanye sababu ya kutorudi.

Tena, kabla hujalitoa, uliza kama jino hilo laweza kusafishwa mizizi na kuzibwa. Gego la chini ndilo linalotafuna, na wewe bado u kijana. Ni kazi ndefu na ina gharama, huenda ikahitaji safari zaidi ya moja, nami sitakuhukumu ukiamua kuling'oa. Nataka tu uamue ukiwa wajua kuna njia mbili.

Mombasa kulazwa usingizi si njia ya kwanza. Usingizi wa hospitali una hatari zake, unahitaji mtaalamu wa usingizi na vifaa, na kwa jino moja ambalo halijajaribiwa njia nilizotaja sioni haja. Lakini taya au shingo ikifura, kinywa kikikataa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa kwa taabu, au homa ikapanda, usisubiri wiki iishe wala maji yajae. Tafuta boti siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, uende hospitali kubwa ya Lamu. Maambukizi ya gego la chini yaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa kwa saa chache.

Sindano tatu si nyingi. Katriji moja ya mililita 1.8 yenye lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 36, kwa hiyo kama kila sindano ilikuwa katriji moja nzima, ulipata miligramu 108. Kwa hesabu ya tahadhari ya miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 hafikii ukomo wake mpaka karibu katriji saba. Moyo kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano husababishwa na adrenalini na hofu, si mzio. Hata hivyo mkumbushe daktari idadi uliyopata na uzito wako, hasa kama wewe ni mwembamba.

Na mtoto anyonye. Lignokeini inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno na haimdhuru. Huna haja ya kukamua ukamwaga wala kungoja saa kadhaa. Mnyonyeshe kabla ya kukaa kitini, umkabidhi wifi, na ukitoka mnyonyeshe tena. Angalia tu usijing'ate mdomo au ulimi kwa saa tatu mpaka tano za mwanzo, na chai iwe ya vuguvugu mpaka hisia irudi.